Mpeni Mwanafunzi Kesi ya Kupeleleza

Mwezi Machi 1979, majeshi ya Tanzania yakiwa yameshaingia Uganda na kuikaribia Kampala, ndege moja ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilitumwa kuishambulia Mwanza. Muammar Gaddafi alikuwa amejitosa kumwokoa Idi Amin asianguke. Rubani akakosa shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, palipokuwa na hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Mji ukasalimika.

Waulize wanafunzi wa kidato cha tatu wa Nyamagana au Ilemela sababu za vita vya Kagera, watakutajia tano kwa mpangilio, na wenye bidii wataongeza ya sita. Waulize habari za bomu la Saanane, kisiwa kinachoonekana wazi ukiwa Capri Point, na wengi watadhani unawatania. Si kosa lao. Kitini hakina Saanane, mtihani hauulizi Saanane, na mwalimu ana mada kibao za kumaliza kabla ya mtihani wa moku.

Hoja yangu ni hii. Mpe mwanafunzi huyo kazi ya kuandika hadithi ya kusisimua, ya aina ileile anayosoma kwenye simu akiwa amejifunika shuka, na ianzie Saanane siku ile. Kabla hajafika sehemu ya tatu atakuwa amevijua vita vya Kagera kwa namna ambayo orodha ya sababu tano haiwezi kumpa, na istilahi za fasihi alizokariri tangu kidato cha kwanza zitakuwa zimepata kazi ya kufanya.

Tumezoea kulalamika kwamba watoto hawasomi. Wanasoma sana. Panda daladala ya Buhongwa jioni utazame vioo vya simu: simulizi za WhatsApp na Facebook, sehemu ya 27, mlango unagongwa usiku wa manane, "itaendelea". Wapo wanaotuma pesa kwa simu ili wamaliziwe kabla ya wenzao. Kabla ya simu kulikuwa na magazeti ya burudani, na mmoja wa waliotuzoesha kununua gazeti kwa ajili ya hadithi ya ukurasa wa ndani ni Eric Shigongo, mtu wa Buchosa, hapahapa mkoani kwetu, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa huko. Watu walikuwa wakilikunja gazeti na kuanza kusoma hukohuko nyuma, habari za serikali zikingoja.

Nyuma zaidi kuna riwaya pendwa zenyewe, za upelelezi, mapenzi na vitisho, ambazo kwa miaka mingi wahakiki wamezikalisha nje ya mlango wa darasa kwa kosa la kuwa nyepesi. Lakini vijana wengi wa miaka ya 1970 na 1980 waliwajua makaburu wa Afrika Kusini kwa kuwafuata wapelelezi wa vitabuni, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, wapigania uhuru walikuwa wakipishana na wenyeji mitaani, kwa hiyo mwandishi wa upelelezi hakuhitaji kubuni mandhari wala adui. Kazi yake ilibaki kubuni risasi na warembo. (Warembo walizidi, na mwalimu wa kike anayezikataa riwaya hizo kwa sababu hiyo ana haki yake.)

Wengine wakifika hapa husema basi tuziingize riwaya pendwa kwenye orodha ya vitabu teule, mambo yaishe. Mimi sioni kama yataisha. Ndani ya mwaka mmoja kila duka la fotokopi la Mwanza litakuwa linatoa kopi za kitini cha riwaya hiyo, kurasa nne, "Dhamira: (i) Ukombozi (ii) Usaliti (iii) Nafasi ya mwanamke", na mwanafunzi atajibu swali lililozoeleka la kutumia hoja tatu kutoka katika kila riwaya bila kukifungua kitabu. Ndivyo ilivyo sasa kwa vitabu vilivyopo. Nimekutana na kijana aliyepata alama nzuri za fasihi, nikamuuliza kitabu fulani kinaanzaje, akanijibu kwa ujasiri kwamba kinaanza na jina la mwandishi. Msomaji unaweza kumtengenezea kitini. Anayeandika hadithi yake mwenyewe hana kitini cha kununua.

Turudi Saanane. Chukua mhusika ambaye kazi yake ni kulisha wanyama. Ukishamweka kisiwani asubuhi, maswali yanakujia na hakuna unaloweza kulikwepa. Anavukaje kutoka ng'ambo, kwa kasia au kwa boti ya injini? Amekunywa chai yenye sukari, na kama ndiyo, sukari kaipata wapi? Kaka yake aliyekuwa mgambo yuko wapi sasa? Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 sote tunaijua, "uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo", lakini mlisha swala huyu aliisikia akiwa wapi, kwenye redio ya nani? Na bomu likishalipuka, yeye aliyelala kifudifudi kwenye mawe anajuaje kwamba ndege ile ni ya Libya?

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nililiona darasa moja likimsimamisha mwenzao aliyekuwa akisoma hadithi yake kwa sauti. Alikuwa amefika mahali mlisha wanyama anainua macho na kusema, "Ndege ya Gaddafi hiyo!" Msichana wa nyuma akanyoosha kidole: yeye kajuaje? Mwandishi akajitetea kwamba mwalimu ndiye aliyesema. "Mwalimu katwambia sisi leo. Huyo wa kisiwani kaambiwa na nani?" Kijana akarudi kwenye daftari lake. Toleo la pili lilikuwa bora mara kumi, kwa sababu mlisha wanyama sasa aliamini ni ndege ya Amin, mke wake akasikia sokoni kwamba ni ya Waarabu, mzee mmoja wa Kirumba akashikilia kwamba ni yetu wenyewe imepotea njia, na ukweli ukafika taratibu, umechelewa, kama unavyofika wakati wa vita.

Ndani ya dakika chache darasa lile lilikuwa limefundishwa jambo moja ambalo ratiba inaliweka katika vipindi viwili na kwa walimu wawili. Mwalimu wa Kiswahili ataliita nafsi ya usimulizi: msimulizi wa nafsi ya kwanza hajui kilichomo kichwani mwa rubani. Mwalimu wa Historia ataliita ushahidi: nani aliona nini, alikuwa wapi, na alijua lini. Mwanafunzi amekutana nalo likiwa tatizo lake, kabla ya kuambiwa jina lake.

Katika fani zote za hadithi pendwa, nadhani upelelezi ndio unaoifaa historia zaidi. Mapenzi nayo yana nafasi: huwezi kuandika posa ya Usukuma miaka ya 1930 bila kujua ng'ombe wangapi walitolewa na kodi ya kichwa ililipwaje. Hadithi za vitisho zinaonyesha kila zama ziliogopa nini. Lakini mpelelezi anafanya kazi ileile anayoifanya mwanahistoria. Anafika tukio limeshapita, wenye kujua wana sababu za kudanganya, na karatasi iliyokosekana ina maana sawa na iliyopatikana.

Mfano mzito upo mlangoni kwetu. Kwa miongo kadhaa, Usukuma umeandamwa na mauaji ya vikongwe, wanawake wazee waliokatwa mapanga usiku kwa kutuhumiwa uchawi. Dalili iliyotajwa sana ni macho mekundu. Tuseme mwanafunzi ameanza kuandika: kijiji cha ndani huko Magu au Kwimba, bibi mjane ameuawa, mpelelezi amefika asubuhi. Watu wote wanamwambia kitu kimoja, macho yake yalikuwa mekundu. Mwandishi mvivu atamkamata mganga aliyepiga ramli, afunge daftari.

Mwalimu mzuri hamwachii hapo. Anamwuliza: shamba la bibi limebaki kwa nani? Hapo anaingia shemeji, na suala la mjane kurithi. Anamwuliza: kwa nini macho yake yalikuwa mekundu? Kwa sababu ya moshi, maana miaka yote alipikia samadi. Kwa nini samadi, kwani kuni zilikwenda wapi? Sasa mwanafunzi inabidi afungue vitabu, na huko anakutana na serikali ya Waingereza ikifyeka mapori ya Usukuma ili kumaliza mbung'o, pamba ikitanuka, mifugo ikiongezeka, miti ikitoweka. Anakutana na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, familia zikisogezwa na kuwekwa jirani na watu wasiowajua, jambo ambalo wapo watafiti waliolihusisha na kuongezeka kwa tuhuma za uchawi. Anakutana na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na filimbi zao na mishale yao, ambao katika hadithi wanaweza kuwa wasaidizi wa mpelelezi au watuhumiwa, na pengine vyote viwili. Kutoka kwenye macho ya bibi mmoja amefika kwenye uchumi wa pamba, na kila hatua ameifuata kwa sababu hadithi yake ilikuwa imekwama.

Sijaona mada ya "athari za ukoloni" ikifundishwa kwa nguvu hiyo ubaoni.

Ubaya wa fani hii ni kwamba inapenda mtu mbaya. Lazima awepo mmoja wa kutiwa pingu ukurasa wa mwisho, na historia mara nyingi haina mtu wa namna hiyo. Chukua pamba yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walilalamikia mizani ya wanunuzi, wakaweka watu wao wa kuhakiki uzito, na kutoka kwenye vuguvugu hilo, Paul Bomani akiwa mbele, vikazaliwa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Ni hadithi tamu ya upelelezi: nani kachezea mzani? Mwanafunzi atamwandika Mhindi mwenye duka, kidole juu ya sahani ya mizani, na darasa litashangilia. Hapo mwalimu asiposimama imara, amefundisha chuki na kuiita historia. Swali la kumrudishia ni dogo tu: mfanyabiashara huyu naye anamuuzia nani, na bei imepangwa na nani? Bei haikupangwa kwenye duka lile. Hadithi inayokwenda hadi huko inapoteza shangwe kidogo, lakini inaanza kueleza kwa nini wakulima wale hawakuishia kudai mizani sahihi, wakaendelea hadi kudai soko na mashine za kuchambulia pamba.

Wanaoona ni uzushi wa kigeni kuifundisha historia kwa hadithi waende Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Myombekere na Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Aliandika ili mila za Wakerewe zisipotee, na akazipachika ndani ya kisa cha mume na mke wanaohangaikia mtoto: uvuvi, pombe, uganga, ukwe, ugomvi wa wakwe. Anayetaka kujua kisiwa kile kiliishije kabla ya wageni bado anaanzia hapo. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani humohumo, aliandika mwaka 1979 riwaya ya Gamba la Nyoka kuhusu vijiji vya ujamaa, wakati jambo lenyewe lilikuwa bado bichi. Ile yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na kwa kufanya hivyo wizara ikaitafutia wasomaji wengi kuliko ambao mchapishaji yeyote angewapata. Hawa wawili si waandishi wa riwaya pendwa, najua. Ninawataja kwa kuwa walichukua kijiji chao kidogo na kukiona kinatosha kuandikiwa kitabu, na mwanafunzi wa Nansio au Sengerema hajawahi kuambiwa hivyo kuhusu kwao.

Kuna mahali ambapo ningemshauri mwalimu aende polepole. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imebakiza safari fupi kufika bandari ya Mwanza. Mamia walikufa, na waliozikwa Igoma wanajulikana kwa kaburi la pamoja kuliko kwa majina. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa mwandishi kijana hilo ni shimo linalovuta, na simulizi za simu zimeshaanza kulijaza kwa mizimu na majini. Lakini watoto wa waliokufa wako hai, wengine ni wazazi wa wanafunzi haohao, wengine ni walimu. Ningeweka masharti mawili. Mtu aliyekuwepo kweli asitiwe maneno mdomoni. Na palipo na pengo kwenye kumbukumbu, mwandishi aonyeshe kwamba ni pengo, asilizibe kimyakimya. Abiria wa daraja la tatu anaweza kubuniwa, akapewa jina, tenga la ndizi na sababu ya kusafiri usiku ule, mradi mwisho wa hadithi pawe na ukurasa unaosema huyu ni wa kubuni na kwa nini ilibidi abuniwe: kwa sababu aliyepaswa kuandika jina lake hakuliandika. Ukurasa huo ni somo la uwajibikaji wa umma kuliko aya nyingi za maadili.

Je, mfumo unaruhusu? Zamani ningesema hapana, na sababu kubwa ilikuwa lugha. Historia ya sekondari ilifundishwa kwa Kiingereza, fasihi ya nyumbani kwa Kiswahili, na mtoto wa Misungwi asiyeweza kumtukana jirani yake kwa Kiingereza asingeweza kumfanya mlisha swala azungumze. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima, linalofundishwa kwa Kiswahili. Mtaala wenyewe unajinasibu kuwa wa kujenga umahiri. Basi mlango upo wazi, na walimu wa masomo hayo mawili wanaweza kukaa meza moja na kugawana kazi moja bila kungoja waraka.

Kikwazo kinachobaki ni kusahihisha, na wenye kusema "ni wazo zuri ila madarasa yetu yana wanafunzi themanini" hawasingizii. Mwalimu hawezi kusoma hadithi themanini za sehemu saba saba. Jibu lipo kwenye simulizi zenyewe. Wanafunzi wanne au watano waandike hadithi moja, kila mmoja sehemu yake, kila Ijumaa sehemu moja isomwe kwa sauti na darasa liihoji kama yule msichana wa nyuma alivyofanya. Makosa mengi, simu ya mkononi mwaka 1979, noti ya elfu kumi sokoni zama za Mwingereza, wenzao watayadaka kabla ya mwalimu, na kwa raha kubwa kuliko yeye.

Alama zitolewe kwa kitu kingine. Kila kundi liwe na daftari la ushahidi, kurasa mbili tatu: jambo hili tumelipata wapi, nani alituambia, nani alimpinga, nini tumebuni. Wapo wanaotakiwa kwenda maktaba ya mkoa, wapo wa kwenda kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora kuuliza habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili pinzani ya ngoma, wapo wa kukaa na babu mmoja pale Makongoro, kumwamkia, kumsikiliza saa nzima akizungumzia mambo yasiyohusika, hadi afike Machi 1979. Daftari hilo mwalimu anaweza kulisahihisha kwa dakika tano. Hadithi yenyewe aiache bila alama. Wakiipenda wataiendeleza kwenye simu zao, na hapo watapata wasomaji wakali kuliko mwalimu yeyote, wanaodai sehemu inayofuata ije kesho asubuhi.